Neno la Siri Likisahaulika, Nani Afungue Tarakilishi?

MUHULA wa pili unapoelekea ukingoni, maabara za tarakilishi katika shule zetu za upili hujaa watahiniwa wanaokimbizana na wakati. Mtahiniwa wa somo la Kompyuta katika KCSE hafanyi karatasi ya nadharia na ya vitendo peke yake. Ana mradi pia, kazi ya miezi mingi anayoihifadhi ndani ya mashine ya shule hatua kwa hatua hadi siku ya kuiwasilisha. Sasa hebu tuiwaze shule moja ya mashambani yenye mashine kumi na mbili na mwalimu mmoja tu wa somo hilo. Mwalimu anapokea barua ya uhamisho, anafungasha virago vyake na kuondoka. Mrithi wake anawasili juma linalofuata, anaiwasha tarakilishi ambamo kazi zote zimehifadhiwa, na kiwambo kinamdai neno la siri. Anampigia simu mtangulizi wake. Mtangulizi anamjibu kwa unyenyekevu: “Mwalimu, nililibadilisha mwezi jana na sasa limenitoka kabisa.”

Mfano huu si kisa cha shule fulani, lakini sidhani yupo mwalimu atakayeusoma asiseme moyoni kwamba shule hiyo anaijua.

Yanayofuata yanafahamika vilevile. Fundi anaitwa kutoka mjini. Anafika na mkoba wake, anaikagua mashine kwa dakika mbili, kisha anatoa hukumu kwamba haina budi kufomatiwa. Mwalimu mkuu, ambaye mambo haya yanampita kushoto, anaidhinisha malipo. Saa moja baadaye tarakilishi inafunguka ikiwa safi kama siku iliyotoka kiwandani, na kazi za watahiniwa thelathini hazimo. Fundi hakudanganya mtu. Alitakiwa aifungue mashine, naye akaifungua. Hakuna aliyemwambia kwamba kilichotakikana kilikuwa ndani ya mashine.

Ndiyo maana nashikilia kuwa maafa ya aina hii hayatokani na kusahau. Binadamu tangu hapo ni msahaulifu, na hakuna kanuni ya shule itakayomponya. Maafa yanatokana na sisi kutofahamu neno la siri ni kitu gani, linalinda nini na halilindi nini, na njia zipi za halali zipo za kurejea ndani. Maarifa haya yangepaswa kuwa sehemu ya elimu ya kawaida ya kila mwalimu na mwanafunzi, si hazina ya mafundi wa mjini pekee.

Tuanze na swali ambalo wanafunzi hupenda kuliuliza. Ikiwa tarakilishi hulitambua neno la siri ninapoliandika sawasawa, basi inalijua. Na ikiwa inalijua, mbona isinikumbushe? Swali hili ni zuri, na jibu lake lina historia yake.

Maneno ya siri yaliingia katika tarakilishi mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT nchini Marekani. Huko Fernando Corbató na wenzake walibuni mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Kila mtumiaji alipewa neno lake ili faili zake zisiingiliwe na muda wake upate kuhesabiwa. Maneno yote yaliwekwa katika faili moja, yakiwa yameandikwa waziwazi kama majina katika rejista ya darasa. Mnamo 1962 mwanafunzi wa shahada ya uzamifu aliyeitwa Allan Scherr, ambaye saa alizogawiwa kwa juma hazikumtosha, aliiagiza mashine iichapishe faili hiyo. Ikaichapisha. Tangu siku hiyo Scherr akawa anafanyia utafiti wake kwenye muda wa wenzake, na hakuikiri hila hiyo mpaka ilipopita takriban robo karne. Kisha mnamo 1966 hitilafu ya programu ikasababisha faili ileile ijitokeze mbele ya kila aliyeingia mfumoni, mahali palipokusudiwa tangazo la siku.

Wataalamu walijifunza kutokana na udhaifu wa namna hiyo. Wazo lililoasisiwa Cambridge, Uingereza, katika miaka hiyohiyo ya 1960, na baadaye likaenezwa na mfumo wa Unix, lilikuwa kwamba tarakilishi isilihifadhi neno la siri hata kidogo. Ihifadhi matokeo ya kulisaga. Msomaji aliyewahi kutumwa kinuni utotoni ataelewa upesi. Ukipeleka mahindi kusagwa unarudi na unga, na hapana fundi ulimwenguni awezaye kuugeuza unga huo kuwa mahindi tena. Basi kila unapoliandika neno lako, mashine hulisaga upya na kuulinganisha unga wa leo na ule iliouhifadhi siku ya kwanza. Ukilingana, mlango hufunguka. Mifumo mingi huongeza na kitu ambacho wataalamu wenyewe wamekiita chumvi, yaani herufi za kubahatisha zinazochanganywa na neno kabla ya kusagwa, ili watu wawili waliochagua neno moja wasipate unga unaofanana. (Sijui ni nani huutia chumvi unga wa ugali kinuni, lakini jina hilo si langu.)

Kwa hiyo tarakilishi haikukumbushi kwa sababu yenyewe haijui. Mtu anayekuahidi kwamba “atalisoma” neno lako la zamani ama anakisia kwa kuyajaribu maneno mengi mno, ama anakudanganya. Kukisia nako, tukubali, hufaulu mara nyingi kuliko inavyofaa. Mnamo 1979 Robert Morris na Ken Thompson, wataalamu wa Unix, walichapisha uchunguzi wa maneno ya siri 3,289 yaliyokusanywa kutoka kwa watumiaji. Asilimia 86 yalikuwa mafupi mno, au yalikuwa majina na maneno ya kamusini, kiasi kwamba mashine ya enzi hiyo ingeyafichua bila taabu kubwa. Walimu wanaotumia jina la shule na mwaka wake kama neno la siri la maabara nzima wana wenzao wa siku nyingi.

Kutokana na hayo linafuata jambo ambalo ningependa liandikwe ubaoni. Kurejea ndani ya tarakilishi si kulikumbuka neno la zamani; ni kuweka jipya mahali pake. Unga wa zamani huondolewa, wa sasa ukawekwa. Njia zote za halali, ziwe za Windows, za Mac au za Linux, zinafanya kazi hiyo moja, na tofauti iliyopo ni ya namna mfumo unavyojihakikishia kwamba anayebadilisha ndiye mwenye haki.

Kabla ya hapo, hata hivyo, yapo mambo madogo ya kutazama, na yanaokoa watu wengi kuliko wanavyopenda kukiri. Kitufe cha Caps Lock kikiwa kimebonyezwa, neno sahihi hukataliwa kwa kuwa herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja mbele ya mashine. Katika baadhi ya kibodi za tarakilishi za mkononi, kitufe cha Num Lock hugeuza baadhi ya herufi kuwa tarakimu. Mpangilio wa lugha ya kibodi ukibadilishwa, alama kama @ huhamia kitufe kingine. Aidha katika maabara zetu zenye vumbi, kitufe kimoja kinaweza kuwa kimekufa bila mtu kujua. Andika neno lako mahali panapoonekana, au bonyeza ile alama ya jicho kando ya kisanduku, ujionee unachokiandika hasa. Zaidi ya hayo, ukikataliwa mara tatu au nne, acha. Mifumo mingi huongeza muda wa kusubiri kwa kila kosa, na hasira haijawahi kumkumbusha mtu chochote.

Ikiwa neno limepotea kweli, uliza kwanza kama mashine ina akaunti nyingine ya msimamizi. Katika Windows, mtu yeyote mwenye akaunti ya usimamizi anaweza kuingia kwa jina lake na kuwawekea wengine maneno mapya. Ikiwa akaunti iliyosahauliwa imeunganishwa na anwani ya Microsoft, neno hubadilishwa mtandaoni kupitia simu au barua pepe iliyosajiliwa. Ikiwa ni akaunti ya humohumo mashineni, Windows 10 tangu 2018, na Windows 11 baada yake, huuliza maswali matatu ya usalama ambayo mwenyewe aliyajibu awali. Tangu enzi za Windows XP pia ipo diski maalumu ya kurejesha neno la siri, ambayo siku hizi hutengenezwa kwenye flashi. Ila ni sharti uitengeneze kabla hujasahau, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Kwa wenye Mac, baada ya majaribio kadhaa mfumo unaweza kukuruhusu utumie akaunti yako ya Apple, au ufunguo wa uokozi ulioandikwa siku ya kwanza. Katika Linux, ambayo inatumika katika baadhi ya maabara kwa kuwa hailipiwi, msimamizi huichagua hali ya uokozi wakati mashine inawaka, hupata mamlaka ya mtumiaji mkuu, na kwa amri fupi ya passwd humaliza kazi kwa dakika tano.

Nina tahadhari moja hapa. Neno likibadilishwa kwa nguvu na mtu mwingine, faili ambazo mwenyewe alizifunga kwa usimbaji wa Windows, pamoja na maneno ya siri yaliyokuwa yamehifadhiwa katika akaunti hiyo, huenda zisifunguke tena. Heri kuzinakili kwanza, ikiwa kuna njia.

Na mara nyingi njia ipo. Hapa ndipo penye tofauti ambayo fundi wetu hakuizingatia. Neno la siri la kuingilia ni lango. Si ukuta. Katika mashine ambayo diski yake haijasimbwa, mtu aliyeketi mbele yake anaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi yenye Linux, akaziona faili zote, akazinakili na kuondoka nazo bila kuulizwa neno lolote. Anaweza pia kuichomoa diski yenyewe na kuiunganisha na tarakilishi nyingine. Katika Windows 95 hata lango halikuwa lango, kwani kwenye mashine iliyosimama peke yake ulibonyeza kitufe cha Escape ukaingia. Kwa hiyo miradi ya wale watahiniwa thelathini ingeweza kuokolewa kwa flashi moja na alasiri moja ya kazi, kisha mashine ikafomatiwa kwa amani ikibidi.

Ukweli huohuo una upande wa pili unaotisha. Lango lisilo na ukuta halimzuii mwizi. Aliyeiba tarakilishi ya ofisi ya mwalimu mkuu hahitaji neno lake la siri ili asome alama za wanafunzi, barua za nidhamu na nambari za simu za wazazi. Ndiyo sababu mifumo ya sasa inazidi kusimba diski nzima, yaani kugeuza kila kilichomo kuwa fumbo lisilosomeka pasipo ufunguo. Tarakilishi nyingi mpya za Windows 11 hufanya hivyo zenyewe, wala mwenye mashine hana habari. Ufunguo wake wa uokozi, tarakimu 48, kwa kawaida hutunzwa katika akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiwasha mashine hiyo kwa mara ya kwanza. Nawasihi walimu wakuu waisome sentensi hiyo mara mbili. Ikiwa aliyeiwasha kwa mara ya kwanza alikuwa kijana wa dukani, au mwalimu ambaye sasa yuko kaunti nyingine, basi ufunguo wa shule uko mfukoni mwa mtu huyo. Siku mashine itakapoudai, flashi ya Linux haitasaidia kitu.

Usimbaji hauna huruma, wala haujali cheo. Mnamo Januari 2021 magazeti ya dunia yalieleza habari za Stefan Thomas, mtaalamu wa programu aishiye San Francisco. Alikuwa amehifadhi funguo za bitcoin 7,002 katika kifaa kidogo kilichosimbwa, kisha akakipoteza kipande cha karatasi alichoandikia neno la siri. Kifaa hicho humruhusu mtu kukisia mara kumi tu kabla ya kujifunga daima. Alikuwa amekwisha kukisia mara nane. Mali iliyokuwa ndani ilikadiriwa wakati huo kuwa dola milioni 220. Bwana huyo alikuwa gwiji wa fani yenyewe, na ujuzi wake wote haukumpa hata herufi moja ya lile neno.

Yapo mengine yanayotusahaulisha ambayo si kosa letu. Kwa miaka mingi ofisi nyingi zimewalazimisha wafanyakazi kubadilisha maneno ya siri kila baada ya miezi kadhaa, na kuyajaza tarakimu, herufi kubwa na vialama. Mwongozo ulioeneza kanuni hizo uliandikwa mwaka 2003 na Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Mnamo 2017, akiwa amestaafu, Burr alitangaza hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo taasisi yake ilitoa mwongozo mpya: watu wasilazimishwe kubadilisha neno la siri pasipo dalili kwamba limevuja, na urefu wa neno uthaminiwe kuliko mapambo yake. Hata Corbató, aliyeanzisha mambo haya, alisema mwaka 2014 kwamba maneno ya siri yamekuwa jinamizi. Alifariki mwaka 2019. Ukienda leo katika ofisi nyingi, zikiwemo za elimu, bado utaikuta kanuni ya 2003 ikitekelezwa kwa uaminifu ambao mwenyewe aliyeiandika ameuacha. Mwalimu anayedaiwa maneno tofauti kwa mfumo wa tathmini yake, wa usajili wa wanafunzi, wa mitihani na wa mishahara, na yote yabadilike kila mara, ataishia kuandika ukutani au kusahau. Sioni la tatu.

Kwa watu wa Kiswahili tiba iko karibu. Neno refu la siri si lazima liwe fumbo la alama. Linaweza kuwa maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyounganishwa pamoja, ambayo mwenyewe anaweza kuyatia picha kichwani. Epuka methali, kwa kuwa kila mtu anazijua. Epuka pia mshororo wa shairi linalofundishwa darasani. Lakini kinu, mvua, nahodha na biskuti vikiwekwa pamoja ni kitu ambacho jirani hatakikisia upesi, nawe hutakisahau kesho.

Maswali ya usalama nayo yana kasoro yake. Yalitungwa na watu wa miji mikubwa ya ng’ambo, ambako jirani hamjui jirani. “Jina la ukoo la mama yako kabla hajaolewa ni lipi?” Katika kijiji chetu hilo linajulikana na kila aliyehudhuria mahari. “Mnyama wako wa kwanza aliitwaje?” Nusu ya mbwa wa nchi hii wanaitwa Simba, na waliobaki ni Tommy. “Shule yako ya kwanza ya msingi?” Wafanyakazi wote wa ofisi ya walimu wanakujua ulikosomea. Mwongozo wa NIST wa 2017 nao uliyakataza maswali ya namna hii kwa mifumo inayoufuata. Ikiwa mashine inakulazimisha uyajibu, hakuna sheria inayosema jibu liwe la kweli. Jibu kwamba shule yako ya kwanza ni Kisamvu, mradi uandike mahali kwamba ulijibu hivyo.

Sasa niwageukie wanafunzi, hasa wale waliomaliza Kidato cha Nne, kwa jambo linaloniudhi zaidi ya yote hayo. Kijana anahitaji kuomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, mkopo wa HELB, nambari ya PIN ya KRA na akaunti ya eCitizen. Hana barua pepe. Anaingia katika saiba, na mhudumu, kwa haraka ya biashara, anamfungulia anwani, anamchagulia neno la siri analowapa wateja wote siku hiyo, na pengine anaweka nambari yake mwenyewe ya simu kuwa ya uokozi. Kijana anaondoka na risiti. Miezi sita baadaye HELB inamwandikia kwa anwani ambayo hawezi kuifungua. Anarudi kwenye saiba: mhudumu amehama, au duka limegeuka kinyozi. Huyo hakusahau neno la siri, maana hakuwahi kuwa nalo. Kwa hakika hata anwani haikuwahi kuwa yake, ilikuwa ya yule ambaye simu yake ingepokea nambari za uthibitisho.

Jambo hili lingeweza kukomeshwa kwa somo moja la dakika arubaini katika kila shule ya upili, kabla ya watahiniwa kutawanyika. Kila mmoja afungue barua pepe kwa mkono wake, achague neno lake mwenyewe, asajili nambari ya simu ya mzazi au mlezi ambayo inatumika, na aandike nambari za dharura ambazo huduma nyingi huzitoa. Kadhalika akumbushwe kwamba laini ya simu ikiachwa muda mrefu bila kutumika, kampuni huweza kuifunga na nambari yake ikapewa mtu mwingine. Na mtu huyo ndiye atakayepokea ujumbe wa kurejesha neno la siri.

Wapo watakaonipinga wakisema kwamba kuwafundisha wanafunzi namna ya kuingia katika mashine iliyofungwa ni kuwafundisha wizi. Hoja hiyo siidharau. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtishia anayeingia katika mfumo pasipo idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Na kumpa mtu neno la siri la mwingine bila mamlaka ni kosa pia. Wanafunzi wanapaswa kuijua sheria hiyo kabla hawajagusa flashi ya Linux. Hata hivyo naamini kwamba mwanafunzi aliyeonyeshwa jinsi lango lilivyo jepesi ataisimba diski yake, na asiyeonyeshwa atazidi kuliamini lango. Maarifa yenyewe yanapatikana kwa yeyote anayeyatafuta. Lililopungua ni mwalimu wa kuyafungamanisha na swali la haki: mashine hii ni ya nani, na nani amekuruhusu?

Swali hilo la nani ndilo linalozirudia shule. Mnamo 2002 kituo kimoja cha lugha na utamaduni nchini Norway, chenye kumbukumbu ya Ivar Aasen, mwanaisimu wa karne ya 19 aliyeweka misingi ya lugha ya Nynorsk, kilijikuta katika hali ile ya shule yetu. Kilikuwa na mkusanyo mkubwa wa vitabu na nyaraka za Profesa Reidar Djupedal, na orodha yake ilikuwa ndani ya tarakilishi. Aliyeifunga orodha hiyo kwa neno la siri alikuwa ameaga dunia bila kumwachia mtu. Kituo hakikumwita fundi wa kufomati. Kiliomba msaada hadharani kupitia intaneti, na muda si muda neno likapatikana. Lilikuwa ladepujd, yaani jina Djupedal lililoandikwa kinyumenyume. Walikuwa na bahati kwamba marehemu alichagua neno dhaifu. Angalifuata ushauri ninaoutoa hapa juu, huenda orodha hiyo ingebaki imefungwa hadi leo.

Hilo halinifanyi niubadilishe ushauri wangu kuhusu maneno marefu. Linaonyesha tu kwamba kitu cha taasisi hakiwezi kulindwa kwa kumbukumbu ya mtu mmoja, awe hodari namna gani. Kila tarakilishi ya shule iwe na akaunti mbili za usimamizi, moja ya mwalimu wa somo na nyingine ya shule yenyewe. Neno la ile ya shule, pamoja na ufunguo wa tarakimu 48 kwa kila mashine iliyosimbwa, viandikwe kwa mkono, vitiwe katika bahasha, bahasha ifungwe kwa gundi na kutiwa sahihi na watu wawili, kisha iwekwe katika kabati la chuma linalohifadhi karatasi za mitihani ya ndani. Karatasi haiibiwi kupitia mtandao. Atakayeifungua aandike katika daftari tarehe na sababu. Kazi za wanafunzi nazo zinakiliwe kila Ijumaa katika diski ya nje isiyolala katika chumba kimoja na tarakilishi, kwani neno la siri si kitu pekee kinachoweza kupotea maabarani.

Halafu kuna fomu ya makabidhiano. Mwalimu anayehamishwa hutia sahihi kwa vitabu vya kiada, mipira, funguo za maabara na hata viti. Iongezwe safu moja tu kwa ajili ya tarakilishi: nambari ya mashine, jina la akaunti ya usimamizi, na sahihi mbili. Mwalimu anayeingia asikubali kutia yake kwa kuambiwa neno mdomoni. Aiwashe kila mashine, aandike neno alilopewa, aone limekubaliwa na kazi za wanafunzi zimefunguka, kabla gari la anayeondoka halijatoka langoni.